Barazani kwa Ami: Mke amepata kazi Leicester, nimfuate au nibaki?

*Ami, Salaam aleikum. Mimi ni mkaazi wa Tudor, Mombasa, umri wangu miaka 36. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, ingawa yenyewe imepungua tangu makontena mengi yaanze kupandishwa reli ya SGR kupelekwa Nairobi. Mke wangu ni nesi. Mwezi uliopita alipata barua ya kazi katika hospitali moja ya mji wa Leicester, Uingereza, na anatakiwa aripoti mwezi wa kwanza. Tuna watoto wawili, wa kiume ana miaka minane na wa kike minne. Mama yangu amesema waziwazi kuwa mwanamume hafuati mke, nibaki nilinde nyumba, yeye atume pesa. Mke naye asema bila sisi haendi. Nasikia wewe uliishi mji huohuo. Nambie ukweli, Ami: mimi nitaenda kufanya nini huko? Na hawa watoto hawatapoteza lugha na dini?*

*Baba wa Wawili, Tudor*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, na habari za mbuzi hiyo nitakuja kukupa. Kwanza jibu, maana najua hulali: nenda. Nendeni wote. Kama safari moja haiwezekani, basi usiache ipite miezi sita.

Mama yako usimjibu vibaya. Mamangu alisema neno hilohilo, tena mbele ya wageni, siku ya hitima ya babangu. Lakini hebu pita Kibokoni jioni moja uhesabu nyumba ambazo baba yuko Arabuni, yuaja siku 30 kila baada ya miaka miwili, na mtoto mdogo akimwona hujificha nyuma ya buibui la bibi yake. Nyumba hizo twaziita za wenye bahati. Mimi nimezaliwa katika mojawapo. Babangu alikuwa baharia, na mpaka leo namkumbuka kwa harufu ya sabuni alizotuletea kuliko kwa sauti yake.

Kabla hamjauza hata kiti, usome mkataba wa mkeo wewe mwenyewe, neno kwa neno. Umeandikwa nesi, au umeandikwa mlezi wa wazee? Machi 2024 walezi walikatazwa kwenda na mume wala watoto, na Julai 2025 mlango wa walezi wapya kutoka nje ukafungwa kabisa. Manesi wanaruhusiwa. Nimeona mtu wa hapahapa mjini aliyeuza kiwanja ndipo akaambiwa. Ikiwa ni nesi, ile ada kubwa ya matibabu ambayo wahamiaji wengine huilipa, yeye na nyinyi mmesamehewa. Ila usipotolewa dhamana na mwajiri, mtatakiwa muonyeshe pesa zilizokaa benki siku 28: pauni 285 kwa ajili yako, 315 kwa mtoto wa kwanza na 200 kwa wa pili, mbali na za mke mwenyewe. Kanuni hizi hugeuka kama upepo wa kusi na kaskazi, kwa hivyo siku ya kuomba viza muangalie upya katika tovuti ya serikali yao, wala msitegemee maneno ya wakala. Mtapimwa kifua kikuu Nairobi. Kitabu cha kliniki cha kila mtoto, chenye chanjo zote, ukiweke kwenye mkoba wa mkononi. Na wewe, pitia Huduma Centre pale Posta utoe alama za vidole, upate cheti cha mwenendo mwema cha polisi. Mimi nilikidharau cheti hicho, na kilinigharimu miezi.

Sasa nikupe yetu.

Nilikuwa na duka la viungo nyuma ya Marikiti: iliki, mdalasini, pilipili manga, bizari za kila aina. Januari 2015 nikakabidhi funguo kwa mdogo wangu, tukapanda ndege na watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine mitatu. Mamangu, pamoja na maneno yake yote, alitufungia chupa tatu za samli aliyoichemsha mwenyewe. Uwanja wa ndege wa kule zikatupwa kwenye pipa mbele ya macho yetu, kwa kuwa maziwa na nyama za kutoka kwetu haziingii. Mbuzi ya nazi ndiyo iliyowashughulisha. Afisa aliikunjua, akagusa lile jino la chuma kwa kidole, akaikunja, akaikunjua tena, akamwita mwenzake. Mke wangu akakaa juu yake palepale sakafuni akawafanyia ishara za kukuna. Wakacheka wakatuachia.

Hapo nikadhani tumefika. Yeye ndiye aliyefika. Mwenye kazi ana mahali pa kwenda kesho yake, ana sare, ana kadi yenye jina lake shingoni, ana wenzake wa kuwauliza chumvi inauzwa wapi. Ana taabu zake pia, na uzijue: manesi wageni hufanyishwa mtihani wa vitendo, na mpaka aupite mshahara wake ni wa chini. Kwa hiyo miezi ya mwanzo mtakula kwa kuhesabu. Lakini wewe utakayebaki nyumbani ndiye utakayekutana na nchi yenyewe, mlango kwa mlango, na hakuna atakayekupa sare.

Nyumba yetu ilikuwa na mita ya stima ya kulipia kwanza, mambo yaleyale ya tokeni, ila badala ya namba za simu una kijifunguo unakipeleka dukani kikatiwe pesa, na gesi ina kadi yake mbali. Usiku wa nne gesi ikaisha. Nje barafu, dukani pamefungwa, mke yuko zamu ya usiku yenye urefu wa saa 12 na ushei, na mimi nimewafunika watoto kanga, mablanketi, kikoi changu na zulia la sebuleni. Nguo nazo hazikauki. Hapa Mombasa unaanika darini, ukimaliza kunywa chai waanua. Kule zinatundikwa juu ya chuma cha kupasha joto ukutani siku mbili, na ukifunga madirisha yote kama nilivyofanya mimi, ukuta unaota ukungu mweusi, mwenye nyumba anakuja kukuuliza wewe. Fungua dirisha robo saa kila asubuhi hata kama meno yanagongana.

Jambo nitakalokusisitizia zaidi ni hili la watoto. Wiki ya tatu nilimtuma mwanangu dukani maziwa. Duka ni nyumba sita kutoka kwetu, kuvuka njia moja nyembamba. Miaka saba! Kwetu mtoto wa miaka saba amekwisha kwenda Marikiti kununua nazi na kurudisha chenji. Baada ya dakika kumi mlango ukagongwa, nikamkuta bibi mmoja wa kizungu amemshika mkono, mtoto ana chupa yake ya maziwa kifuani. Yule bibi hakunitukana. Aliniuliza tu kama kila kitu kiko sawa nyumbani, akitazama nyuma yangu. Kesho yake shule ikaniita. Mwalimu mkuu akaniuliza kwa upole mwingi, na kila nikijibu yuaandika. Sheria yao haitaji umri wa kumwacha mtoto peke yake. Inauliza kama uliyemwacha ulimwacha hatarini, na maana ya hatari anaijua mwenye kuandika. Nilirudi nyumbani nikitetemeka kuliko siku nilipoingiliwa na wezi dukani. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba Mombasa sikumtuma mtoto peke yake hata siku moja. Nilimtuma katikati ya macho ya muuza kahawa, ya fundi cherahani, ya Mama Mahamri na ya wazee wa baraza. Kule yale macho hayapo, na dakika mbili za njia zikawa ndefu kuliko kivuko cha Likoni.

Mwanangu mwenyewe alizoea kabla yangu. Mwezi wa Machi huo wa 2015 mji wao ulimzika upya mfalme aliyefia vitani mwaka 1485. Walimkuta 2012 chini ya maegesho ya magari. Shuleni hawakuongea jingine. Akarudi nyumbani akaniuliza kama yule mfalme alisomewa hitima. Nikamwambia sijui, akaniambia atamuuliza mwalimu, na wallahi alimuuliza.

Mimi nilikuwa nanuna. Nilinuna mpaka mwezi wa nne. Mke yuaingia saa tatu asubuhi kutoka zamu, uso umesawijika, mimi namsomea orodha: baridi, mkate hauna ladha, jirani hasalimii. Asubuhi moja akanisikiliza mpaka mwisho, viatu bado miguuni, akasema, “Mimi nimefika. Wewe bado uko Marikiti.” Akaenda kulala.

Siku hiyo nikatoka. Nikatembea mpaka Belgrave Road, njia ya maduka ya Wahindi. Nimeingia duka moja la mboga nimeona kwenye jokofu mfuko umeandikwa MOGO. Nikaushika nikaugeuza. Ulikuwa muhogo, umemenywa, umekatwa, umegandishwa. Nikasema kwa sauti, peke yangu kama mwendawazimu, “Kumbe ni muhogo!” Mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, aliyekuwa akipanga bamia, akageuka akanijibu, “Muhogo ndio, weye watoka wapi?” Kiswahili cha Mombasa, mwanangu, kilichonyooka. Alizaliwa Makadara. Alikuwa hajarudi tangu aondoke akiwa msichana. Mji ule umejaa Wahindi wa Afrika Mashariki. Wengi walitoka Uganda 1972 Idi Amin alipowafukuza, wengine Kenya na Tanzania, na walipobeba vitu vyao wakabeba na muhogo wetu, wakaupunguza herufi. Yule mama aliniuliza kama viazi vya karai bado viko pale baharini, na kama embe za Marikiti bado zapangwa mafungu. Nilisimama dukani mwake saa nzima. Niliporudi nyumbani nilichemsha ule mogo kwa tui, na ndiyo siku ya kwanza sikusema neno la baridi.

Wauliza utafanya kazi gani. Viza ya mwenzi yakuruhusu kazi karibu yoyote, kwa hiyo swali si ruhusa, ni zamu. Mkeo akiwa usiku, wewe huwezi usiku. Nilijaribu kiwanda cha chakula wiki mbili, tukawa twakutana mlangoni kama walinzi. Mwisho nilipata kazi katika shule ya mwanangu, kusimamia watoto wadogo wakati wa chakula cha mchana, saa moja na robo kwa siku. Hapo ndipo walipotaka cheti cha polisi kutoka Kenya, na mdogo wangu akahangaika huku miezi minne. Saa moja na robo! Mimi niliyekuwa na duka na vijana wawili wa kunibebea magunia. Nawafungulia vikopo vya maziwa mgando, nawapangusa pua, na zaidi ya yote nawamenyea chenza. Watoto wa miaka mitano hawana kucha za kumenyea chenza. Wananipangia mstari, kila mmoja ameshika lake, na mimi naanzia juu kwa kidole gumba nalitoa ganda zima bila kukatika, kama utepe, wakishangaa. Jioni vidole vyangu vinanukia matunda, kama nilipokuwa dukani. Sikumwambia mtu yeyote Mombasa kuwa ndiyo kazi yangu. Leo nakwambia wewe kwa kuwa hujaandika jina lako.

Baadaye nilipika mahamri ya kuuza kila Jumamosi. Ukitaka hilo, ujiandikishe kwa halmashauri siku 28 kabla ya kuanza, haina malipo, na mkaguzi atakuja kufungua friji yako. Wetu alikula mawili.

Dini usiihofie. Misikiti ile haihesabiki kwa vidole, nyama ya halali iko kila kona, na watoto huenda madrasa kila siku baada ya shule. Kitakachokusumbua ni jua. Sisi twahesabu saa kwa jua, likichomoza ni saa 12 na likizama ni saa 12, mwaka mzima hazipishani sana. Leicester mwezi wa Disemba jua lachomoza saa mbili na robo asubuhi na magharibi huingia kabla ya saa kumi alasiri, watoto wametoka shule wamefika nyumbani, taa za njiani zinawaka. Juni magharibi ni saa tatu u nusu usiku. Mwanangu alisema jua la huko halijui Kiswahili. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni hiyo, tukafunga saa 18 na kitu. Mamangu alikuwa akipiga simu akiwa anafuturu, saa 12 u nusu ya kwetu, kule ni saa kumi u nusu na bado nina saa tano mbele yangu. Nikimsikia anatafuna kaimati. Nikamwomba apige kabla, akasema kabla yuapika.

(Mwezi mmoja nyuma yake timu ya Leicester ilikuwa imechukua ubingwa wa Uingereza. Wale waliokuwa wakiniuliza barazani “Leicester ndiyo wapi?” wote wakataka jezi.)

Lugha nayo ni kazi, tena ni kazi yako wewe, si ya mkeo, kwa kuwa wewe ndiye utakayekuwa nyumbani. Mkubwa wa miaka minane Kiswahili chake kimeshika, hakitatoka. Wa miaka minne ndiye wa kumchunga. Wangu wa mitatu alinyamaza miezi miwili shuleni, alipofungua mdomo akafungua kwa Kiingereza, na baada ya mwaka namwambia “njoo ule” ananijibu kwa lugha yao. Sikumgombeza. Nilikaa kiziwi. Asiposema kwa Kiswahili sisikii, na chakula ni changu mimi. Lilifaulu nusu, na nusu hiyo twashukuru.

Mbuzi, sasa. Kule nazi ya kukunwa huuzwa imegandishwa, na tui liko kwenye makopo, kwa hivyo mbuzi haikukuna nazi hata moja. Mke wangu akaiweka nyuma ya mlango akawa aikalia kufunga viatu, saa 12 u nusu jioni, kila zamu. Mwisho wa Juni 2020, miji mingine ilipokuwa ikifunguliwa, Leicester peke yake ikafungwa tena kwa korona. Alikuwa akirudi asubuhi hukaa juu ya mbuzi hiyo ukumbini, avue viatu, avue soksi, na watoto wako juu ya ngazi hawaruhusiwi kushuka mpaka akoge. Mimi nasimama katikati na taulo. Tulirudi Mombasa mwaka uliofuata. Fanicha tuligawa yote.

Mpe mama yako salamu zangu, na mwambie samli asijisumbue.

*Ami, shikamoo. Mimi ni bibi wa Kisauni. Wajukuu wangu wawili, miaka tisa na sita, wanakuja kutoka Toronto mwezi wa nane. Sijawahi kuwaona ila kwa simu, na Kiswahili hawajui. Nitakaa nao vipi?*

*Bibi wa Kisauni*

Marahaba, dada yangu, ingawa nashuku mimi na wewe tu rika moja.

Usiwakalishe sebuleni uwasomeshe. Wape kazi za mikono jikoni: wachambue mchicha, wasukume chapati, wakune nazi. Maneno yatakuja na vitu vyake. Na uwaonye majirani wasiwacheke.

Nisemayo nimeyaona. Wiki tuliyorudi nilimpeleka binti yangu ufuoni Mama Ngina, jioni, akiwa na miaka tisa. Akasimama mbele ya muuza muhogo wa kukaanga akasema kwa sauti yake yote, “Nataka mogo.” Watu wakacheka mpaka wa pili na wa tatu kwenye mstari. Wiki mbili hakusema Kiswahili na mtu. Nikamrudisha palepale, muuzaji yuleyule. Yule bwana akamtambua, akatoboa vipande kwenye karai, akafunga gazeti, akamwuliza bila kutabasamu, “Mogo yako nitie pilipili?”

Akajibu, “Tia, na ndimu.”